Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Konventi zetu za kale zinangoja nini?

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii
Nakala: Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, Bodi ya Utalii Tanzania, Mhashamu Baba Askofu Mkuu wa Jimbo Kuu la Dar es Salaam, wakuu wa mashirika ya watawa

YAH: KUZILINDA NYUMBA ZA KALE ZA WATAWA NA KUZIUNGANISHA KUWA NJIA MOJA YA WAGENI

Mheshimiwa Waziri,

Salamu, na pole na majukumu. Nitaanza na mwaka 1863, maana ndimo tatizo lilimojificha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalitambua jengo kuwa la kale, bila mtu kuombwa kibali, ikiwa lilijengwa kabla ya mwaka huo. Lililojengwa baadaye, hata likiwa na miaka mia na hamsini, halina lake mpaka Waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Sasa tazama. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikabidhiwa misheni ya Unguja mwaka huohuo wa 1863, wakavuka kuja Bagamoyo 1868. Wabenediktini walifika Pugu 1888. Maana yake, upande wote wa bara hakuna konventi (nyumba ya watawa), abasia (monasteri kubwa) wala nyumba ya mapadre hata moja inayolindwa na sheria kwa umri wake tu. Zote zilizaliwa zimechelewa.

Kazi yangu ni kutembeza wageni kwa miguu katikati ya jiji: Posta, Kivukoni, Kariakoo. Wageni wengi wanaolala Dar es Salaam wanalala kwa sababu ndege ya Serengeti ni kesho au boti ya Unguja imeshaondoka. Wanataka saa tatu za kujua mji, basi. Nikishawaingiza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu wanauliza, baada ya hapa tunakwenda wapi? Mwongozaji mwenye adabu hawezi kujibu "hotelini". Jibu lipo, tena lina kilomita nyingi na historia ya kutosha siku tatu nzima. Ila halijawahi kuandikwa kwenye kibao chochote wala kwenye kipeperushi, na nyumba zenyewe zinaweza kubomolewa kesho bila sheria kukohoa.

Naomba uniruhusu nikutembeze kwa maandishi.

Tunaanzia hapohapo Mtakatifu Yosefu, kanisa lililojengwa na Wabenediktini wa Kijerumani kati ya 1897 na 1902, likitazama bandari. Hatua chache kutoka hapo ipo Nyumba ya Atiman, moja ya majengo makongwe kabisa ya jiji hili, ya zama za Sultani Majid wa Unguja. Baadaye ilikuja mikononi mwa Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita White Fathers. Wanaopita mbele yake kila siku wakienda kukata tiketi ya boti hawajui Atiman alikuwa nani. Adrian Atiman alizaliwa ukanda wa Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre kule Algeria, akasomea udaktari Malta, kisha mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu watu hapo mpaka alipofariki 1956. Mtu wa Mali, aliyesomea Malta, akazeekea Karema! Hadithi ya namna hii wenzetu wangeiandika kwa herufi za shaba ukutani.

Kurasini tutapita kwa haraka. Wabenediktini walihamia huko baada ya balaa la Pugu, na leo ni makao ya Baraza la Maaskofu. Tusimame Pugu.

Pugu, Mheshimiwa, ndipo mahali ambapo sisi watu wa Dar es Salaam tunapadharau zaidi. Tunapajua kwa mnada wa ng'ombe na foleni ya Gongo la Mboto. Mwaka 1888 mapadre, mabruda na masista kutoka Bavaria walijenga hapo misheni yao ya kwanza katika nchi hii, katikati ya vilima. Hawakumaliza mwaka wa pili. Kampuni ya Kijerumani ilikuwa imeanza kupandisha bendera zake pwani na kutoza ushuru, watu wa pwani wakainuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Tarehe 13 Januari 1889 wapiganaji waliivamia misheni. Sista Martha Wansing aliuawa, na mabruda Benedikt Kantwerk na Petrus Michl pamoja naye. Wengine walitekwa, na waliosimama katikati kuwakomboa ni mapadre Wafaransa wa Bagamoyo, ambao Abushiri alikuwa bado anawasikiliza. Mwishoni mwa mwaka huo Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani.

Kwa hiyo Pugu ina makaburi ya upande mmoja na simulizi za pande mbili. Waumini wanakwenda hapo kuhiji, na ni vizuri. Lakini mtoto wa shule ya msingi ya Chanika, anayesoma vita vya Abushiri darasani kama kitu kilichotokea mbali huko Pangani, haambiwi kwamba vilifika mlangoni kwake. Tena miaka sitini na kitu baadaye, Pugu hiyohiyo, mwalimu kijana wa Chuo cha Mtakatifu Fransisko alikuwa akishuka mjini kwa mikutano ya TANU mpaka alipotakiwa achague moja. Mwaka 1955 Julius Nyerere akajiuzulu ualimu. Kilima kimoja kimebeba Abushiri, watawa wa kwanza wa Kibenediktini na mwanzo wa safari ya Uhuru, na sisi tunakipita tukielekea mnadani.

Kufika siku hizi si shida. Reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 ina stesheni Pugu. Nchi imeshatumia matrilioni kujenga njia. Kinachodaiwa sasa ni kibao na mtu wa kueleza.

Tugeuke kaskazini, Bagamoyo. Hapa mambo ni nafuu, na nitasema haki: misheni ya Bagamoyo imetunzwa kuliko mahali pengi, na makumbusho yake yamo ndani ya nyumba ya masista iliyojengwa mwaka 1876. Lakini hata hapo ziara ya kawaida ni mbuyu, mnara, picha, tunaondoka. Kwenye mnara mgeni anaambiwa kwamba mwili wa Livingstone ulilazwa humo tarehe 24 Februari 1874. Kweli. Waliomleta, Chuma na Susi na wenzao, waliotembea naye kutoka kijijini kwa Chitambo miezi kadhaa, wanatajwa kama wapagazi tu, wakati mwingine hawatajwi kabisa. Na masista wenyewe wenye nyumba? Hao ndio waliosahauliwa kupita wote. Walikuwa Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion, shirika lililoanzishwa mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo, likafungua milango yake kwa wanawake waliotoka utumwani. Fikiria, Mheshimiwa: wanawake wa shirika la namna hiyo wanakuja pwani yetu kulea wasichana walionunuliwa kwenye soko la watumwa la Unguja. Sijawahi kusikia ziara ya Bagamoyo inayoanzia kwao, nami ningeianzia kwao.

Nisieleweke kwamba nataka tusimulie habari za malaika. Waliokombolewa waliwekwa kwenye kijiji cha misheni, wakalima mashamba ya mapadre, wakaishi kwa kengele: ya kuamka, ya kazi, ya sala. Mapadre waliwapangia hata ndoa. Wapo waliotoroka, na sioni ajabu, maana mtu aliyeonja utumwa anaijua harufu ya amri. Mambo haya yameandikwa na wanahistoria, wakiwemo mapadre wenyewe, na hakuna sababu ya kuyaficha nyuma ya pazia la altare. Mgeni wa leo, na hasa kijana wa Kitanzania, anataka kusikia yote mawili, huruma na fimbo.

Na tusiifanye Bagamoyo ya Wakatoliki peke yao. Mji ule ni wa Waislamu tangu zamani, na alama yake kubwa ya karne iliyopita ni Sheikh Ramiya, mtu aliyeletwa mtumwa kutoka bara, akasoma, akawa kiongozi wa tarika ya Kisufi ya Kadiria, akafariki 1931. Mtumwa mmoja anakwenda misheni, mwingine anakuwa sheikh, na umbali wa kati yao unatembeka kwa mguu asubuhi moja. Njia ninayoiomba ikipita kwa masista bila kupita kwa Ramiya itakuwa imesimulia nusu ya mji.

Kutoka Bagamoyo misheni zilipanda bara kwa kufuata njia za misafara: Mhonda kwenye milima ya Nguru mwaka 1877, Mandera 1881, kisha Morogoro na Tununguo. Mtu akishuka Morogoro kwa SGR anaweza kulala hapo, kesho yake akaenda Turiani na kupanda Mhonda. Kusini kuna dunia nyingine nzima: Peramiho ya 1898, Ndanda ya 1906, na Lukuledi na Nyangao zilizochomwa wakati wa Majimaji. Hiyo iwe awamu ya pili. Tusianze kwa kutaka yote tukakosa yote.

Utaniuliza, nani amewahi kufanya jambo hili? Wameksiko. Katika jimbo la Yucatán, kusini mwa mji wa Mérida, kuna njia iitwayo Ruta de los Conventos. Ni barabara ya kawaida inayopita Acanceh, Tecoh, Tekit, Mama, Chumayel, Teabo na Maní mpaka Oxkutzcab, vijiji na miji midogo ya Wamaya, na karibu kila kimoja kina kanisa au konventi ya Wafransisko iliyoanzia zama za Wahispania. Hakuna jengo moja kati ya hayo ambalo peke yake lingemtoa mtu Ulaya kuja kulitazama. Yakiunganishwa, mtu anakodi gari, anakula njiani, analala njiani, ananunua matunda Oxkutzcab, na fedha inabaki vijijini badala ya kuishia kwenye hoteli kubwa za ufukweni Cancún.

Kilichonigusa zaidi kuhusu njia hiyo ni kwamba hawafichi. Maní ndipo Julai 1562 Mfransisko Diego de Landa alipochoma moto vitabu na sanamu za Wamaya, hasara ambayo wasomi wa maandishi ya Kimaya wanaililia mpaka leo. Upande mwingine wa Mérida, Izamal, konventi imejengwa juu ya jukwaa la hekalu la Wamaya, kwa mawe ya hekalu hilo. Hakuna anayezuiwa kuyajua. Mgeni anasimama kwenye ua uleule ambao Papa Yohane Paulo II alikutana na wazawa wa Amerika mwaka 1993 na anaelezwa chini ya miguu yake kuna nini.

Upo pia mfano wa Meksiko ya kati, konventi za mwanzo za karne ya 16 kwenye miteremko ya mlima Popocatépetl. UNESCO iliziingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1994 zikiwa 14, kama kundi moja. Tetemeko la Septemba 2017 lilipoangusha minara na kuta zake, hakukuwa na mabishano kama ni mali ya kuokoa au ni kifusi cha kufagia. Ilishaandikwa.

Lakini hapa tuwe makini, tusinakili kama watoto wa shule. Meksiko serikali ilitwaa mali za Kanisa karne ya 19, kwa hiyo majengo yale ni ya taifa na padre anayatumia tu. Tena sheria yao ya 1972 inasema kila jengo la dini la kati ya karne ya 16 na ya 19 ni urithi wa kihistoria kwa nguvu ya sheria yenyewe. Kwetu majengo ni ya majimbo na mashirika ya watawa, na iwe hivyohivyo. Sitaki kusikia habari ya kutaifisha. Masista wengi wanaishi kwenye nyumba hizi mpaka leo, wanafundisha, wanatibu, wanaoka mikate. Kinachowezekana kwetu ni mkataba: Serikali inatangaza jengo, inachangia utaalamu na sehemu ya gharama ya ukarabati, shirika linafungua sehemu fulani, kwa saa fulani, na linabaki na mapato ya kiingilio.

Na utaalamu huo unahitajika jana. Kuna nyumba moja ya misheni, sitaitaja, niliyoijua ikiwa na kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa na baraza ya mbao. Ilipoanza kumeguka, wenye nyumba walifanya ambacho mtu yeyote mwenye nia njema angefanya: walichota mchanga na saruji wakaipaka. Baada ya misimu michache ya masika ukuta ukaanza kuoza kwa ndani. Chokaa inaruhusu unyevu na chumvi vitoke, saruji inavifungia ndani, na tumbawe linasagika taratibu nyuma ya plasta inayong'aa. Baraza nayo ikang'olewa, yakaja madirisha ya aluminiamu na vigae vya sakafuni vya kuteleza. Siwalaumu. Hakuna ofisa yeyote aliyewahi kufika pale kuwaambia kwamba mafundi chokaa wapo Unguja na wapo Bagamoyo, au kwamba nyumba yao ina thamani inayozidi ile ya kiwanja.

Hili la kiwanja ndilo linaloninyima usingizi. Dar es Salaam ardhi ya katikati ya jiji na ya pwani imekuwa dhahabu. Shirika lenye masista wazee, zahanati inayodai dawa na paa linalovuja likifuatwa na mwekezaji mwenye mchoro wa ghorofa ishirini, lina sababu gani ya kukataa? Sheria haiwasaidii kukataa. Kwenye vitabu vya Serikali nyumba ile si kitu.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza kwako, Mheshimiwa, halihitaji Bunge wala bajeti. Una mamlaka ya kutangaza. Anza na chache ambazo hakuna anayebishana nazo: Nyumba ya Atiman, eneo la misheni ya kwanza ya Pugu, nyumba ya masista ya Bagamoyo pamoja na nyumba ya mapadre na makaburi yake, na misheni kongwe ya Mhonda. Kaeni na wenyewe kwanza, mkubaliane mipaka, kisha mtangaze. Mwaka 1863 uliowekwa kwenye sheria nao utafutiwe dawa siku sheria itakaporudi mezani. Jengo lenye miaka mia moja linatosha kuitwa la kale. Tukiendelea kushikilia mwaka 1863, wajukuu zetu watarithi magofu ya Kilwa na Kaole, halafu pengo, halafu maghorofa.

Ombi la pili ni njia yenyewe. Tayari kwenye makabrasha ya UNESCO, tangu 2006, Tanzania imeiweka Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji. Karibu miaka ishirini sasa jalada limelala. Njia ya konventi inaweza kuwa kipande chake cha kwanza kinachotembeleka, kwa sababu misheni hizi zilijengwa juu ya njia hiyohiyo na kwa ajili ya watu waliopitishwa humo wamefungwa minyororo. Bodi ya Utalii iweke vibao, ichapishe ramani kwa Kiswahili kwanza, na iwafunze waongozaji. Wanaokaa jirani na nyumba hizo wapewe kipaumbele cha kazi, maana bodaboda wa Pugu anajua vilima vile kuliko mimi.

Kwako Mhashamu Baba Askofu Mkuu, Tumsifu Yesu Kristo. Najua hofu ya Kanisa: wageni wenye kaptura katikati ya masifu ya jioni, kamera kwenye nyuso za masista, maswali ya kipuuzi getini. Hofu hiyo ni ya haki. Nyumba ya watawa si hoteli wala mbuga. Wekeni masharti yenu, nasi waongozaji tutayasimamia: mavazi, saa za sala, vyumba visivyoingiwa, mahali pa kupiga picha na pasipo pa kupiga. Mgeni asiyetaka kufuata abaki kwenye basi. Naomba pia kumbukumbu za zamani, daftari za ubatizo, picha na barua zilizoko kwenye makabati yenu, zipigwe picha za kidijitali kabla mchwa hawajazimaliza. Majina ya watoto waliokombolewa yamo kwenye daftari za namna hiyo, na wako watu Bagamoyo na Morogoro wanaowatafuta babu zao humo.

Kwa Mama Wakuu wa mashirika sina ombi kubwa. Kabla hamjapaka saruji ukuta wa zamani, kabla hamjauza mlango wa zamani kwa mtu aliyekuja na gari zuri na maneno matamu, pigeni simu Idara ya Mambo ya Kale. Na wewe, Mkurugenzi wa idara hiyo, simu ikilia, tafadhali pokea.

Sisi waongozaji wa mjini tuko tayari kutembea na maofisa wa wizara kutoka Mtakatifu Yosefu, Atiman, Kurasini mpaka Pugu, bila malipo, siku yoyote watakayopanga isipokuwa Jumapili. Waje na viatu vya kutembelea na ramani ya viwanja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwongoza wageni,
Kivukoni, Dar es Salaam